Jina la Chupa na Kilichomo: Afyuni katika Dawa za Zamani

Neno dawa katika Kiswahili ni neno pana. Huitwa dawa kile kinachomponya mgonjwa, na vilevile huitwa dawa kile kinachoua panya, kinachong'arisha viatu, na kinachomlevya kijana hata asijitambue. Wayunani wa kale nao walikuwa na neno moja, pharmakon, lililobeba maana ya tiba na maana ya sumu pamoja. Upana huu si upungufu wa lugha. Yamkini ni hekima ya watu waliojua kuwa kitu kimoja huponya kwa kadiri na huua kwa kuzidi. Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya dawa zilizouzwa Ulaya na Marekani kabla ya sheria kuzidhibiti, hasa zile zilizotiwa afyuni. Nitaitazama historia hiyo kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, maana kadiri nilivyoichunguza ndivyo nilivyoona kuwa madhara mengi yalitokana na jina lililoandikwa juu ya chupa, kama yalivyotokana na kilichokuwamo ndani yake.

Na tuanze na majina yenyewe. Afyuni ni utomvu wa tumba la mmea ambao wataalamu huuita Papaver somniferum. Tumba hilo huchanjwa lingali bichi, utomvu mweupe ukatoka, ukakauka na kugeuka rangi ya hudhurungi, kisha ukakwanguliwa. Wayunani waliuita opion, yaani utomvu mdogo, kutokana na neno lao opos. Waarabu wakalipokea neno hilo kwa umbo la afyun, na kwao sisi tukapata afyuni. Neno letu la pili, kasumba, lilifika kwa bahari kutoka Bara Hindi. Huko Gujarat, kasumbo ni maji ya afyuni ambayo wenyeji na wageni walinyweshana kwa heshima, na jina hilo latokana na neno la Kisanskriti la mmea utoao rangi nyekundu. Liko na neno la tatu, majuni, la asili ya Kiarabu, ambalo katika pwani yetu lilikuwa jina la mseto mtamu wa kulevya, uliochanganywa afyuni au bangi na sukari. Hivyo msamiati wetu ni ushahidi kuwa bidhaa hii na maarifa yake vilipita katika bandari zetu kwa njia zaidi ya moja.

Lakini neno lenye mafunzo makubwa kuliko yote ni theriaki. Katika karne ya kwanza B.K., Andromachus, tabibu wa Kaisari Nero, alitunga dawa ya viungo vingi, ikiwemo nyama ya nyoka na afyuni, iwe kinga ya sumu za kila namna. Galen, tabibu mashuhuri wa karne ya pili, ameandika kuwa Kaisari Marcus Aurelius alikuwa akiitumia. Dawa hiyo ilidumu katika vitabu vya utabibu kwa zaidi ya miaka 1,500. Jina lake likaingia katika Kiarabu kwa umbo la tiryaq, kisha Waturuki wakalifanya tiryaki, na maana yake kwao ikawa mtu aliyetawaliwa na afyuni, tumbaku au kahawa hata asiweze kuiacha. Katika Kiingereza jina lilo hilo lilishika njia nyingine, likawa treacle, ambalo leo ni shira nzito ya miwa. Msomaji na aiweke safari hii akilini. Jina la kinga ya sumu liligeuka mahali pamoja kuwa jina la mtumwa wa kileo, na mahali pengine likawa jina la utamu tu, bila hata harufu ya afyuni iliyokuwamo. Mambo haya mawili, utumwa na utamu unaoficha, ndiyo historia tutakayoisimulia.

Haifai kudhani kuwa matabibu wa zamani walikuwa wajinga au matapeli. Afyuni ilifanya kazi. Iliondoa maumivu, ilizuia kuhara, ilituliza kikohozi na kuleta usingizi, na katika zama ambapo dawa nyingi zilikuwa hazina faida yoyote, hii ilikuwa miongoni mwa chache zilizoonekana kutenda jambo. Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, alizisifu sana dawa zake alizoziita laudanum. Wataalamu hawakubaliani kama jina hilo latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusifu au na jina la utomvu mwingine wenye manukato. Katika karne ya 17 Thomas Sydenham wa Uingereza alilitia jina hilo katika dawa ya maji, yaani afyuni iliyoloweshwa katika mvinyo pamoja na zafarani, mdalasini na karafuu. Mwaka 1732 Thomas Dover alitangaza unga wake wa afyuni na mzizi wa ipeka. Dover huyu alikuwa tabibu aliyewahi kuwa nahodha katika safari ya wateka-meli, ile iliyomwokoa Alexander Selkirk katika kisiwa alichokuwa akiishi peke yake, mwaka 1709. Unga wake uliendelea kutumika hata katika karne ya 20.

Mageuzi makubwa yalikuja katika karne ya 19. Kijana mtengeneza dawa wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alifaulu kutenga kiini cha afyuni katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo, akakiita kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani. Ndicho tukiitacho mofini. Mwaka 1832 Pierre Robiquet wa Ufaransa alitenga kodeini, na mwaka 1853 Alexander Wood wa Edinburgh akaanza kutumia sindano kuingiza mofini chini ya ngozi. Tangu hapo tabibu aliweza kupima kadiri kwa uhakika zaidi kuliko waliomtangulia. Jambo la kusikitisha ni kwamba maarifa haya ya kupima hayakufika kwa mnunuzi wa kawaida, ambaye hakumwendea tabibu. Yeye alikwenda dukani.

Hapana budi tueleze duka hilo lilikuwaje. Katika Uingereza kabla ya mwaka 1868, mtu yeyote aliweza kuuza afyuni. Ilipatikana kwa mwuza vyakula kando ya mishumaa na sabuni, na nyingi yake ilitoka Uturuki. Katika nchi tambarare ya mabwawa ya mashariki, Cambridgeshire na Lincolnshire, wakulima walisumbuliwa na homa ya vipindi, ambayo leo twajua kuwa ni malaria. Kwinini ilikuwa ghali, na afyuni ilikuwa rahisi. Basi walimeza vidonge vya afyuni na kunywa maji ya tumba zilizochemshwa, wakapata nafuu ya baridi yabisi na homa, na wengi wakaishi hivyo miaka mingi. Wala haikuwa ada ya maskini peke yao. Mshairi Samuel Taylor Coleridge alitawaliwa na laudanum, na mwaka 1821 Thomas De Quincey alitangaza maungamo yake ya mlaji afyuni, akasomwa na watu wote wenye elimu.

Walioumia kuliko wote hawakuweza kuungama chochote, kwa kuwa walikuwa watoto wachanga. Kati ya dawa zilizopendwa ilikuwako ile iliyoitwa kwa jina la Thomas Godfrey wa Hunsdon, nayo ilikuwa afyuni katika ile shira ya miwa tuliyokwisha kuitaja. Mama aliyeajiriwa kiwandani au katika kundi la vibarua wa mashamba alimwacha mtoto kwa bibi kizee mlezi, naye alikuwa na watoto wengi wa kulea kwa ujira mdogo. Kijiko kimoja kiliwanyamazisha. Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba kila mwuza dawa alikuwa na kadiri yake, kwa hiyo kijiko kilichozoewa katika duka moja kiliweza kuua kikitoka katika duka jingine. Tatizo la pili lilikuwa katika chupa yenyewe. Afyuni ilishuka chini ya shira ikakaa kama mashapo, hata kijiko cha mwisho kikawa na nguvu kuliko cha kwanza. Tatizo la tatu ndilo lililofichika zaidi. Watoto wengi hawakufa kwa kuzidishiwa dawa siku moja. Mtoto aliyelevywa halii, na asiyelia hanyonyeshwi, basi akakonda siku kwa siku mpaka akafa kwa njaa. Katika daftari ya vifo ikaandikwa kuwa alikufa kwa udhaifu. Mwaka 1864 Daktari Henry Julian Hunter, akichunguza vifo vya watoto katika wilaya za mashamba kwa ajili ya serikali, aliieleza hali hii kwa uwazi. Walakini yafaa kusema kuwa waandishi wa ripoti za namna hiyo walikuwa wepesi wa kumlaumu mama maskini, na wazito wa kuona kuwa dawa zizo hizo zilitumiwa na mayaya katika nyumba za matajiri.

Sasa tuyatazame majina. Dawa hizi za watoto ziliuzwa kwa jina la Kinga ya Watoto, na mchanganyiko mwingine uliitwa Utulivu. Marekani, tangu mwaka 1849, Jeremiah Curtis na Benjamin Perkins wa Bangor, Maine, waliuza maji matamu ya kutuliza kwa jina la Bibi Winslow, ambaye walimwelezea kuwa mwuguzi mwenye uzoefu wa miaka mingi. Maji hayo yalikuwa na mofini na kileo. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwahi kuona, katika soko la vitu vikuukuu, chupa moja ya namna hiyo. Haikuwa ndefu kupita kidole changu cha kati. Karatasi ilikuwa imekwisha banduka, lakini maandishi yaliyofinyangwa katika kioo yalisomeka bado: jina la bibi, neno la utulivu, na majina ya wenye mali. Niliigeuza pande zote nikitafuta neno mofini, nisilione. Mama yule aliyeinunua zamani aliweza kuisoma chupa yote, herufi kwa herufi, asijue anampa mtoto kitu gani.

Kadhalika jina la jumla la dawa hizi katika Kiingereza lilidanganya. Ziliitwa dawa za hataza, yaani zenye haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa na serikali. Lakini anayesajili uvumbuzi hulazimika kuueleza hadharani, na wauzaji hawa hawakutaka hata kidogo kueleza vilivyomo. Zilizo nyingi hazikusajiliwa kamwe, na walichokilinda ni jina, umbo la chupa, na picha. Tena katika Uingereza, tangu mwaka 1783, serikali ilitoza kodi juu ya dawa za namna hii, na kila chupa ikabandikwa stempu ya kodi. Watu wakaidhania stempu kuwa ni muhuri wa idhini. Wauzaji hawakuwatoa katika kosa hilo, na hazina ya serikali ilipata mapato yake.

Mfano mwingine ni ile klorodaini. Mwaka 1848 John Collis Browne, daktari wa jeshi la Uingereza katika Bara Hindi, alitengeneza dawa ya kipindupindu yenye laudanum, bangi na klorofomu. Ilizuia kuhara na kuondoa maumivu kweli, na kwa sababu hiyo ikaenea katika masanduku ya wasafiri na watumishi wa makoloni. Jina lake halikutaja afyuni wala bangi, bali lilifuata sauti ya klorofomu, ambayo ilikuwa ajabu mpya ya siku zile. Wauzaji waligombana mahakamani juu ya nani mwenye klorodaini ya asili. Mabishano yao yalihusu haki ya jina, na mgonjwa hakuwa na wakili katika shauri hilo.

Mwisho wa karne ulileta vitu vya nguvu zaidi. Albert Niemann alikuwa amekwisha tenga kokeini kutoka majani ya koka, na mwaka 1884 Karl Koller alionyesha kuwa inaweza kutia jicho ganzi wakati wa kupasuliwa, jambo lililokuwa rehema kubwa. Lakini kokeini hiyohiyo ilitiwa katika mivinyo ya kuongeza nguvu. John Pemberton wa Georgia, aliyejeruhiwa vitani mwaka 1865 na kutawaliwa na mofini, alitunga vinywaji vya koka, na kimoja chake, cha mwaka 1886, ni Coca-Cola, ambayo wakati huo ilikuwa na kokeini kidogo. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuuza dawa ya kikohozi iliyotengenezwa kutoka mofini. Ilikwisha gunduliwa London na Alder Wright mwaka 1874, ikatengenezwa tena na Felix Hoffmann mwaka 1897. Wenye kampuni waliipa jina lenye shina la neno la Kijerumani la ushujaa, wakaiita heroini. Sidhani kama kuna jina la dawa lililopata kupotoka na maana yake kuliko hili.

Tufikie sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1868 iliamuru kuwa afyuni iuzwe na watengeneza dawa waliosajiliwa tu, na chupa iandikwe neno sumu. Lakini dawa za hataza ziliachwa nje ya amri hiyo. Yaani afyuni iliyojitaja jina ilibanwa, na afyuni iliyojificha nyuma ya Bibi Winslow ikaachwa huru. Mwaka 1909 chama cha madaktari wa Uingereza kilitangaza kitabu juu ya dawa za siri, kikieleza kilichomo katika kila chupa na gharama yake halisi, ambayo mara nyingi ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei.

Huko Marekani, Samuel Hopkins Adams aliandika mwaka 1905 mfululizo wa makala katika jarida la Collier's, akifichua ulaghai wa biashara hii. Mwaka uliofuata, kwa juhudi za mkemia Harvey Wiley na wengineo, Bunge lilipitisha sheria ya vyakula na dawa. Wengi hudhani kuwa sheria hiyo ya 1906 ilipiga marufuku afyuni. Sivyo. Ilichoamuru ni kuandika. Dawa yenye kileo, afyuni, mofini, heroini, kokeini, bangi, klorofomu na vinginevyo vilivyotajwa ilipaswa kuonyesha jina la kitu hicho na kadiri yake juu ya chupa. Chupa ziliweza kuuzwa kama zamani, ila sasa zilisema. Na kwa kuwa zilisema, mama aliposoma neno mofini juu ya dawa ya mtoto aliirudisha, na watengenezaji wengi wakakitoa kitu hicho wasilazimike kukitaja. Ni mara chache katika historia ambapo neno moja lililoandikwa mahali pake limeokoa watoto wengi hivyo.

Hata hivyo sheria ilikuwa na mpaka, nao ulikuwa mpaka wa maana ya maneno. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mtu aliyeuza vidonge akidai kuwa vinaponya saratani. Wengi wa majaji, kwa kalamu ya Oliver Wendell Holmes, walisema kuwa sheria yakataza uongo juu ya kilichomo, bali haikatazi madai juu ya kuponya. Jaji Hughes na wenzake wawili walipinga. Bunge likarekebisha sheria mwaka 1912, lakini likaweka sharti kuwa mshtaki athibitishe nia ya kulaghai, na nia ya mtu ni jambo gumu kulithibitisha. Marufuku na vibali vikafuata baadaye, yaani mkataba wa The Hague wa mwaka 1912, sheria ya Harrison ya Marekani ya mwaka 1914, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1920. Mpangilio huu wa nyakati una maana. Kusema kweli kulitangulia kukataza, na kukataza peke yake hakukumaliza jambo.

Twaweza kuuliza, yote haya yana habari gani kwetu? Jibu la kwanza limo katika lugha yetu wenyewe. Kasumba leo haitajwi sana kwa maana ya afyuni. Watu husema kasumba ya kikoloni, au fulani ana kasumba, wakikusudia fikra potofu iliyomwingia mtu pole pole hata akaiona kuwa ni yake. Uraibu, ambao katika kamusi za zamani ulikuwa jina la vitu vya kutafunwa kama tambuu na tumbaku, leo ni utumwa wa kileo chochote. Na heroini, iliyoingia pwani yetu kwa wingi tangu miaka ya 1980, haiitwi kwa jina lake la ushujaa. Mitaani huitwa unga, jina la chakula cha kila nyumba, na aliyetawaliwa nayo huitwa teja, neno lililo karibu mno na mteja, yaani mnunuzi dukani. Tumefanya kama Waturuki walivyofanya na theriaki, na kama Waingereza walivyofanya: tumelipa jambo la hatari jina la nyumbani.

Jibu la pili ni kwamba afyuni haikuacha kuwa dawa. Mgonjwa wa saratani ahitaji mofini, na kumnyima ni ukatili. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni, ambayo nayo ni ya jamii ya afyuni kwa utendaji wake, ijapokuwa hutengenezwa na wakemia. Hutolewa kwa kadiri iliyopimwa, mgonjwa akiinywa mbele ya mhudumu, naye akijua jina lake na sababu yake. Tofauti baina ya kikombe hicho na kijiko cha yule bibi mlezi ni kadiri, uangalizi, na ukweli wa jina.

Na jibu la tatu latuhusu sisi tunaoshughulika na lugha. Dawa nyingi zinazouzwa katika maduka yetu leo huandikwa vilivyomo kwa uaminifu, kadiri kwa kadiri, lakini kwa Kiingereza. Mama asiyesoma lugha hiyo, aliyeshika chupa ya dawa ya kikohozi yenye kodeini, yu katika hali gani tofauti na yule mama wa Maine? Sheria imemtaka mtengenezaji aseme, naye amesema, ila hakusema naye. Istilahi za kuyaeleza haya si haba: twaweza kuandika kadiri, tahadhari, usingizi, uraibu, asipewe mtoto. Hazihitaji uvumbuzi mkubwa, zahitaji kusanifiwa, kukubaliwa na wataalamu wa tiba, na kudaiwa na sheria. Kazi hiyo ni yetu kabla haijawa ya mtu mwingine, kwa maana neno lisilosomwa na mgonjwa ni sawa na neno ambalo halikuandikwa.